Jumbe Kiwavi na Mkaratusi Usiotoboka

Hadithi, hadithi!

Ilete!

Niilete nzima au iliyotafunwa?

Nzima!

Basi atakayenikatiza ataimalizia mwenyewe. Sina subira, mnanijua.

Palikuwa na shamba la mikaratusi, safu kwa safu. Likaja jeshi la viwavi, mbele yao Jumbe Kiwavi, mkubwa wao, mnene kama kidole gumba. Desturi yao: hakuna alaye mpaka Jumbe ale kwanza, ashibe, abeue.

Safu ya kwanza. Jumbe akala, kwaru kwaru kwaru! Akabeua, beee! Jeshi likala. Safu ikabaki vijiti.

Safu ya pili. Kwaru kwaru kwaru! Beee! Vijiti.

Safu ya tatu alikaa Sisimizi, mayai yake yote yamo chini ya gome. Mti ukikauka gome hubanduka, na ndege wanakula mayai. Mbio akaenda kumlaki mgeni.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba. Upi mtamu hapa?"

"Yote mitamu, ila ule wa katikati. Ule, babu, usiuguse."

Jumbe akautazama. Majani mazima, hayana hata tundu moja.

"Mbona haujaguswa?"

"Hauliki. Umezaliwa hivyo. Mafuta yake makali, yanaunguza koo."

"Ala! Unawafichia wanao, siyo?"

"Nimekwambia kweli tupu, babu. Usije ukasema sikukuonya."

"Mwongo mkubwa we! Kaa kando!"

Sisimizi akakaa kando, anacheka kimoyomoyo. Mlafi ukimkataza, ndiyo umempandisha.

Akapanda. Akala. Kwaru kwaru kwa... Machozi yakamtoka. Ulimi ukafa ganzi. Tumbo likalia nguruu, nguruu. Kubeua? Wapi!

"Jumbe, tule?"

"Bado! Nausikilizia utamu!"

Jua likapanda.

"Jumbe, tule?"

"Bado, nimesema!"

Angekiri kwamba jani limemshinda, ukubwa ungemtoka. Basi akajikaza. Jeshi likangoja, njaa ikawatwanga, wakaanguka mmoja mmoja, pu! pu! pu! Wa mwisho Jumbe mwenyewe. PUU!

Sisimizi akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Mayai yakaanguliwa yote. Wenye shamba wakachuma mbegu za mti ule wa katikati, wakapanda mlima mzima. Viwavi wakipita siku hizi wanasalimia tu, hawasimami.

Funzo lake? Watoto wenye adabu hawali kabla ya wakubwa. Jeshi lile lilikuwa na adabu mpaka alipoanguka wa mwisho wao.

Yangu imefika. Anayebisha atunge yake.