Kibuyu cha Posa

Julai hiyo upepo ulivuma Isiolo kana kwamba una kisasi na watu. Ulipeperusha vumbi hadi ndani ya sufuria, na asubuhi mawingu yalikataa katakata kuliachia jua. Katika nyumba moja ya mabati huko Kambi ya Juu, Mutea, fundi wa vitanda na makabati, hakuwa na habari na vumbi. Moyo wake wote ulikuwa kwenye kibuyu kilichofunikwa blanketi kando ya meko.

Ndani ya kibuyu mlikuwa na pombe ya asali. Mzee Mawira, babake Karimi, msichana ambaye Mutea alitaka kumuoa, hakutaka makuu. "Mambo ya mbuzi tutaongea baadaye," alikuwa amesema. "Kwanza mchumba aniletee pombe aliyoitengeneza kwa mkono wake, nionje nijue ni mtu wa aina gani." Siku ya posa ilikuwa imepangwa, jamaa wamealikwa, na Mutea alimpenda Karimi kama mboni ya jicho lake.

Mama yake, Kanyua, ndiye aliyemwelekeza jinsi ya kuchanganya asali na maji, na jinsi ya kutia vipande vya muratina, tunda kavu la kuchachushia, ili ichache. Walipomaliza alimwonya, "Sasa iache. Baridi hii itaichelewesha, lakini itachacha tu. Ukiifunuafunua utaiharibu."

Mutea aliitikia kwa kinywa huku moyo ukikataa. Kila alipotoka karakana alitega sikio kwenye kibuyu kama daktari apimaye kifua cha mgonjwa. Kimya. Alifunua, akanusa, akachovya kidole. Bado yalikuwa maji matamu tu.

"Mama, hii imekufa," alilalamika.

"Haijakufa. Ni wewe unaisumbua. Isipokuwa tayari, tutamwomba mzee atusongezee siku. Kuomba si aibu."

Kwa Mutea, hiyo ilikuwa aibu isiyomezeka. Mama alipoenda sokoni kuuza mboga, alinunua hamira ya mandazi, akaimimina kibuyuni pamoja na sukari, kisha akakisogeza karibu na makaa. Kufikia jioni povu lilikuwa likifurika. Akampigia Karimi simu, furaha imemjaa.

"Nimeitia hamira! Sasa inatokota kama maharagwe!"

"Si ungengoja tu?" Karimi akasema.

Siku ya posa ilipowadia, pombe ilikuwa kali kama siki. Mutea alionja, akatema, akaongeza asali juu yake ili kuuficha ukali. Hakumwambia mtu. Yeye na mama yake wakaondoka.

Kwa Mzee Mawira, wazee walikuwa wameketi uani, wanawake upande wa pili. Mwenye boma alimiminiwa wa kwanza, katika pembe ya kunywea. Alipiga funda moja, uso ukamkunjamana, akaiweka pembe chini taratibu. Mzee aliyefuata alitema pembeni bila kujificha.

"Nani ametengeneza hii?" Mzee Mawira aliuliza.

Mutea alihisi macho yote yamemwangukia. Kabla hajafikiri, ulimi ulimteleza. "Ni... ni mama."

Kanyua alikitua kikombe chake cha chai. Alimtazama mwanawe mara moja tu, kisha akainamisha kichwa. "Ni kweli, baba Karimi. Ni mimi. Uzee umenisahaulisha vipimo. Mnisamehe."

Mwanamke mmoja aliguna kwa dharau. Mutea alitamani ardhi ipasuke immeze. Karimi, aliyekuwa akigawa chai, alisimama wima na birika mkononi, akimkodolea macho.

"Mama, wewe huna kosa kwangu," Mzee Mawira alisema. "Niliomba pombe ya mchumba. Yako sikuomba."

Wageni walipewa chakula kwa heshima zote, lakini neno posa halikutajwa tena.

Karimi aliwasindikiza hadi langoni, akamvuta Mutea kando. "Pombe ingetengenezwa nyingine," alisema, machozi yakimlengalenga. "Hata baba angengoja. Lakini umemvisha mama yako aibu yako mbele ya watu, naye akaivaa. Mimi utanivisha nini?" Akarudi ndani.

Njiani Kanyua alizungumza habari za upepo na mboga zake, kana kwamba walikuwa wametoka kutembelea majirani. Kila neno lilimchoma Mutea kuliko matusi. Walipofika nyumbani alipiga magoti.

"Mama, nilitia hamira."

"Nilijua, mwanangu. Niliinusa siku ileile niliporudi kutoka sokoni. Nimekuwa nikingoja uniambie. Hata leo, njia nzima ya kwenda, nilingoja."

Hakupaza sauti. Aliingia jikoni kuwasha moto. Mutea alibaki chini, hana pombe, hana mchumba, wala hana uso wa kumtazamia aliyemzaa. Ndipo alipofahamu kwamba wahenga hawakukosea: mwenye pupa hadiriki kula tamu.