Kata ya Kuonjea

Mwanamke mmoja alikuwa na kata ya kibuyu aliyorithi kwa mama mkwe wake. Kwa kata hiyo alionja kila pombe aliyoipika, maana huko kwao mlimani anayepika mbege ndiye anayeonja kwanza, na mgeni hanyanyui chombo kabla mpishi hajameza. Jina lake lilikuwa Aikaeli. Alipika kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, na watu walimsifu.

Mwaka mmoja pombe yake ikaanza kuwa kali kama siki kabla ya siku ya kunywewa. Aikaeli akashuku maji, akaacha ya mfereji, akachota ya chemchemi. Ikachacha. Akashuku ndizi, akabadilisha mkungu. Ikachacha. Akalisugua pipa kwa majivu mpaka mikono ikamuuma. Na kila alivyozidi kuogopa alizidi kuonja. Asubuhi, mchana na jioni alichovya kata ndani ya pipa, akanywa, akakunja uso, akaitundika tena ukutani. Haikumjia kuiosha. Kata ilikuwa ya kupimia, si ya kupimwa.

Kikabaki kimea. Alikuwa akikinunua kwa Ndeshi, jirani yake, mjane ambaye hakuwa na kazi nyingine. Siku ya soko, mbele ya wanawake wote, Aikaeli akamwambia, “Mama, kimea chako kina ukungu. Wewe ndiye unayeniharibia pombe.” Ndeshi alifunga gunia lake. Tangu siku hiyo wanunuzi walipita mbele ya mkeka wake wakitazama pembeni.

Aikaeli akanunua kwa mwingine. Pombe ikachacha vilevile, naye akasema huenda huyo mwingine huchukua kwa Ndeshi.

Kisha akapika kwa ajili ya kuwapokea wakwe wa binti yake. Pipa likajaa, na kidogo kilichobaki akakimimina kwenye ndoo, akaifunika, akaisahau nyuma ya mlango. Siku ya tatu alipochovya kata, pipa lilikuwa siki tupu. Akaikumbuka ndoo, akaifunua, akachota kwa kiganja. Ilikuwa tamu, kama alivyopika siku zake njema.

Maji yalikuwa yale yale. Ndizi zile zile, kimea kile kile. Kitu kimoja tu kiliingia kwenye pipa kisiingie kwenye ndoo, nacho alikuwa amekishika mkononi. Akaingiza kidole ndani ya kata. Kwenye ufa wa chini palikuwa na utando mweusi wa mashapo ya miaka, na kidole kilipotoka kilinuka siki. Aikaeli aliketi sakafuni.

Aliikwangua kata, akaichemsha, akapika upya. Wakwe walipofika walikunywa wakaomba tena, na shemeji yake akacheka kwa sauti. “Shemeji, leo umepika! Tangu umwache yule mama na ukungu wake, hata tumbo langu limepata amani.” Watu wote wakacheka. Aikaeli alitazama chini, akaendelea kugawa. Kila aliyesifu pombe alimshuhudia Ndeshi uongo, naye ndiye aliyekuwa akiwajazia vikombe.

Kesho yake alfajiri, kabla watu hawajaanza kupita njiani, alibeba kibuyu cha pombe akaenda kwa Ndeshi kwa mlango wa nyuma. Akamweleza yote: ufa, utando, ile ndoo. Alilia. Ndeshi alimpa kigoda akae, akamsikiliza mpaka mwisho. Akainywa ile pombe taratibu, akafuta midomo.

“Ni nzuri,” alisema. “Nami nimekusamehe, Mama. Lakini yale uliyasema sokoni, na hapa ni jikoni kwangu.”

Aikaeli alirudi nyumbani kwa njia ile ile ya nyuma ya migomba.

Kuiosha kata kulimchukua asubuhi moja. Soko la pale hukutana kila Ijumaa. Je, ni Ijumaa ngapi zimetupita sisi, tunaoomba radhi jikoni kwa yale tuliyoyasema sokoni?