Nusu ya Kichwa cha Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Mtondoni, alikuwako kinyozi akiitwa Shaweji, fukara wa mali lakini si wa maneno, naye ndiye aliyekuwa akimnyoa Sultani Shekue kila Alhamisi. Na katika mji ule ilikuwapo desturi ambayo hapana aliyethubutu kuivunja: kichwa cha Sultani kikianzwa na kinyozi mmoja hakimaliziwi na kinyozi mwingine, maana wakubwa walisema ufalme nao utagawanyika vivyo hivyo.

Basi Shaweji alikuwa na akiba ya riali kumi katika Hazina ya Sultani. Mama yake alipofariki, sanda na shughuli za maziko vikataka riali kumi na mbili. Akaenda kwa mweka hazina, Bwana Mwidau, mtu mwenye tabasamu pana na mkono mwembamba, akamwambia, "Nipe zangu kumi, mbili nitazitafuta kwa jirani."

"Ya nini kuhangaika na msiba, ndugu yangu?" akasema Bwana Mwidau. "Chukua kumi na mbili. Hizo mbili ni hisani ya Hazina."

Shaweji akashukuru, akamwombea dua na umri mrefu. Dua ile angeiweka akiba, maana Ijumaa ya kwanza alikuja mjumbe, akapiga hodi, akasema, "Umo chini ya akiba yako," akageuka kwenda zake. Alipokwenda kuuliza ndipo akaambiwa: kuchota kisicho chako, ada ya mlango riali moja, kila siku uwapo chini, nusu riali, na kila mjumbe ajapo kukuarifu kwamba umo chini, miguu yake riali moja. Hebu tazama! Mtu anakuja kukwambia unazama, na kwa kukwambia tu anakukanyaga utosini. Wizi ni wizi, hata ukivalishwa joho.

Ikawa kila apatacho Shaweji hukikimbiza Hazina, na kila akifika hukuta ada zimemtangulia. Hata siku ya arubaini alikuwa amekwisha kulipa riali tisa, na bado anadaiwa kumi na tisa, kwa ajili ya riali mbili ambazo hakuziomba.

Sultani akamwita barazani. "Alhamisi ni Iddi," akasema. "Kabla sijatoka kwenda kusali nataka riali zangu kumi na tisa. Usikope, usiombe, wala usiuze kitu, maana vitu vyako vyote vimekwisha kutiwa alama ya Hazina. Ukishindwa, nyumba yako ni yangu, nawe na wanao mtakula Iddi njiani."

"Nisikope, nisiombe, nisiuze," akarudia Shaweji. "Maulana, basi nijichune ngozi?"

"Ngozi yako haina mnunuzi," akasema Sultani, na baraza zima likacheka, hata wale waliokuwa wakidaiwa kuliko yeye.

Shaweji akarudi nyumbani, akamkuta mkewe, Mwanakombo, anapepeta mchele. Akamweleza yote. Mwanakombo akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na huyo Sultani, yeye anakulipa?"

"Hulipa mbele, riali tano kwa vichwa kumi. Vikiisha, mtumishi wake huniletea nyingine."

"Vimeisha?"

Shaweji akachomoa kijiti chake cha hesabu, alichokuwa akikitia mkato kila anyoapo, akaihesabu mikato kwa kidole. "Vimeisha, na vitatu juu yake! Kila Ijumaa nakwenda kumwuliza yule mtumishi, naye ananiambia subiri."

Mwanakombo akacheka mpaka ungo ukamponyoka. "Basi mume wangu, Alhamisi usimfanyie ubahili. Mfanyie hisani."

Asubuhi ya Iddi Shaweji akaingia jumbani, akamfunga Sultani kitambaa shingoni, akampaka povu, akamnyoa upande wa kulia mpaka ukang'aa kama kaure. Kisha akaufuta wembe, akautia mkobani, akaketi sakafuni akakunja miguu.

"Umechoka?" akauliza Sultani.

"La, maulana. Nakuarifu tu kwamba umo chini ya akiba yako."

Sultani akajipapasa kichwa. Kulia upara, kushoto kichaka. Nje ngoma zimekwisha kuanza, na wageni wa miji jirani wamejipanga na zawadi zao. "Maliza, mwendawazimu wee, au nitakukata kichwa!"

"Kata, maulana. Changu kitakwenda, lakini chako kitabaki vivyo hivyo."

Sultani akaikumbuka desturi ya mji. "Nadaiwa nini?"

"Nimekunyoa mara nne bila akiba, na leo ikiwamo. Kwa nusu riali kila kichwa, ni riali mbili."

"Leo ni nusu ya kichwa!"

"Nami nilikuwa chini nusu ya siku, nikalipishwa siku nzima. Ada ya mlango mara nne, riali nne. Siku ishirini na moja umekuwa chini, kumi na nusu. Na miguu ya mjumbe Ijumaa tatu, riali tatu."

"Mjumbe gani? Mimi sikumwona mjumbe!"

"Ni mimi. Kila Ijumaa nilisimama mlangoni pako nikamwambia mtumishi kwamba akiba yako imekwisha. Kama hakukufikishia, mjumbe halipwi kwa kusikiwa, hulipwa kwa kutembea. Jumla ni kumi na tisa na nusu."

Sultani akaagiza Bwana Mwidau aletwe na daftari lake. Akaja mbio, akaona kile kichwa, akayatazama mazulia. "Hizi ndizo ada zetu?" akauliza Sultani.

"Ndizo, maulana. Neno kwa neno."

"Yaani kwa unyozi wa riali mbili nadaiwa karibu ishirini?"

"Pole, maulana," akasema Shaweji. "Mimi pia nilichukua mbili."

Sultani akajipapasa tena ule upande wa kushoto, povu likimkauka. Kisha akasema, na sauti haikuwa ile ya barazani, "Bwana Mwidau, futa kumi na tisa za huyu, na za kila aliyelipa zaidi ya alichochota. Tangu leo usimpe mtu zaidi ya akiba yake mpaka umemtajia bei, naye akubali kwa kinywa chake. Ada ya siku haipo. Na mjumbe atalipwa na aliyemtuma. Haya, Shaweji, toa wembe."

"Kumi na tisa kwa kumi na tisa, hatudaiani," akasema Shaweji. "Imebaki nusu riali. Mkononi, maulana. Mimi hisani siiwezi, ina gharama."

Sultani akajipekua, lakini joho la Iddi halikuwa na mfuko. Akamgeukia mweka hazina. "Mpe nusu riali."

"Ewallah, maulana," akajibu Bwana Mwidau kwa mazoea yake ya miaka ishirini. "Na ada ya mlango ni riali…"

Akajiziba mdomo, lakini neno lilikwisha kutoka. Sultani akamtazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu na kitambaa kikamwanguka. Alipopata pumzi akasema, "Shaweji, ukinimaliza mimi, mkalishe huyu. Mnyoe upande mmoja tu."

Basi Iddi ile Bwana Mwidau alishinda kajifunga kilemba cha dhiraa saba katika jua kali, na kila alipoinama kusalimia watu kililegea, na watoto wa mji wakawa wanapigana vikumbo ili wamsalimie. Na Shaweji alikuwa kwake, anakula pilau na mkewe. Aliyemwuliza upande wa pili wa Bwana Mwidau utanyolewa lini alimjibu, "Bei nimekwisha kumtajia. Bado anafikiri."

Hekaya imekomea hapo. Mwenye akiba na aende akaihesabu mwenyewe.