Mwezi wa Wajukuu wa Mwalimu Kajiru

"Alaaniye kelele hulizwa na kimya."

Mmemsikia mama yenu mdogo akimwambia Nietiwe maneno hayo baada ya Nietiwe kuwafukuza watoto uani, nanyi mmeacha kuchambua mchele wa harusi mnaniuliza yametoka wapi. Hayakutoka mbali. Yalianzia kwenye nyumba ile ya juu, ile ya bati lililoshika kutu, na mtu aliyeyatamka kwanza nilimfahamu vizuri. Lawama za habari hiyo nami nina fungu langu. Chambueni tu, huku mnasikiliza.

Nyumba ile ilikuwa ya Mwalimu Kajiru na mkewe, Bibi Nakijwa. Mwalimu alikuwa amestaafu, na kijiji kilimchagua awe msimamizi wa maji. Mnajua huku kwetu milimani tulivyoishi kwa ndiva, lile bwawa dogo la kukusanyia maji ya mfereji. Usiku linajaa, asubuhi linazibuliwa, na kila nyumba ina siku yake ya kumwagilia. Kazi ya Mwalimu ilikuwa kuhakikisha hakuna anayeiba zamu ya mwenzake. Aliifanya kwa haki, hata ndugu zake wakamwogopa. Alikuwa mtu wa utaratibu. Chai saa moja, gazeti la wiki iliyopita saa nne, na ukipita kwake unaongea kwa sauti ya chini kama uko kanisani.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, Namsifu, aliyeolewa Tanga na mtu wa Songea. Mume akafariki. Namsifu akabaki na watoto wawili wa kiume, akifanya kazi ya kufua mashuka hospitalini. Basi mwaka huo, shule zilipofunga, akawaleta watoto kwa babu yao wakae mwezi mzima wa likizo. Mkubwa, Elisante, alikuwa na miaka tisa. Mdogo, Mbonea, saba.

Wale watoto hawakujua kutembea. Walikimbia. Walikimbia kwenda chooni, walikimbia kwenda kuteka maji, walikimbia hata wakiwa wamebeba moto. Walikuwa wametoka chumba kimoja cha kupanga mjini, sasa wamepewa mlima mzima. Siku ya pili tu walikata mgomba, wakaufanya gari, wakateleza nao kutoka kwenye shamba la kahawa mpaka mlangoni kwa mbuzi. Siku ya tano Mbonea alipanda juu ya bati kumtafuta paka, mguu ukazama, akaning'inia darini huku babu yake anasoma gazeti chini yake. Walimuuliza Mwalimu maswali mpaka akaziba masikio. Kwa nini jogoo hana meno? Babu, wewe ukifa hii bakora atachukua nani?

Bibi Nakijwa alicheka mwezi ule kuliko alivyocheka maisha yake yote. Nilikuwa jirani, nimeolewa mwaka mmoja, na nilimsikia. Alikuwa akinipitia asubuhi kuomba chumvi, ananiambia, "Namkunda mwanangu, jana wamenimalizia sufuria ya makande, halafu wakauliza chakula cha jioni ni nini." Anasema hivyo kama mtu anayejisifu.

Mwalimu hakucheka. Aliwakalisha kwenye benchi la barazani, wakae wima, mikono magotini, bila kusema neno, saa nzima. Nilipita nikawaona. Elisante alikuwa akitazama mbele kama askari. Mbonea machozi yanamtoka kwa kuzuia kicheko, maana kuku alikuwa akimdonoa kidole cha mguu. Nikamsikia Mwalimu akimwambia mkewe ndani, "Hizi kelele zimelaaniwa. Natamani mwezi uishe leo."

Mkewe akamjibu, "Usiseme hivyo, baba. Nyumba hii ilikuwa imelala."

Mvua za vuli mwaka huo zilichelewa. Maharage yalikuwa yametoa maua, yanangoja maji. Mfereji ulikuwa mwembamba, na ndiva ilichukua siku mbili kujaa badala ya usiku mmoja. Watu wakawa wakali. Mimi mwenyewe nilingoja zamu yangu siku kumi na moja. Lile lilikuwa shamba langu la kwanza tangu kuolewa, na mama mkwe alikuwa akilitazama.

Asubuhi ya zamu yangu niliamka, nikachukua jembe, nikapanda hadi ndiva. Nikakuta tope.

Maji yote yalikuwa yamekwenda. Kizibo kilikuwa kimelala ukingoni, na bondeni, kule kusikolimwa, mawe yalikuwa bado yanameremeta kwa unyevu. Juu ya mawe hayo wale watoto wawili walikuwa wakiruka na kushangilia, wakifukuza mashua zao walizochonga kwa magome ya mgomba. Walizibua maji wapate mto.

Nilipiga yowe. Wanangu, nilipiga yowe la msiba. Watu wakatoka mashambani na majembe yao, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa na kiu ya maji moyoni, hakuna aliyeuliza kwa upole. Tukawakamata watoto, tukawapeleka kwa babu yao tukiwa kundi la watu kama thelathini. Mimi nilikuwa mbele. Nilisema, "Mwalimu, ungekuwa mtoto wangu aliyefanya hivi ungenitoza mbuzi. Haya, leo tuambie. Sheria ni ya kwetu tu?"

Mwalimu alisimama barazani. Sijawahi kumwona mtu akizeeka mbele ya macho yangu kama alivyozeeka pale. Miaka yote alikuwa akituhukumu, leo tunamhukumu sisi.

Elisante akasema, "Babu, hatukujua. Tulidhani yatarudi."

"Nyamaza!"

"Tutachota mtoni, babu," Mbonea akadakia. "Tutamwagilia shamba la huyu mama kwa ndoo. Mimi naweza."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Nadhani kicheko kile ndicho kilichommaliza Mwalimu. Akainua mkono, akasema kwa sauti ya darasani, kila mtu asikie, "Hawa si wa nyumba hii. Ni watoto wa ukoo wa baba yao, na watarudi kwa ukoo wa baba yao. Mama yao aje awachukue. Mbuzi wangu wawili wachukueni leo."

Watoto walimsikia. Elisante alimtazama babu yake, akamshika mdogo wake mkono, wakaenda wenyewe kukaa kwenye benchi. Hawakuambiwa na mtu.

Siku hiyo hiyo Mwalimu akampa kondakta wa basi barua ya kwenda Tanga. Namsifu alifika siku ya tatu, na sare ya kazi chini ya kanga. Mimi nilikuwa jikoni kwa Bibi Nakijwa. Nilikwenda kuomba radhi, maana kesho yake baada ya tukio nilimkuta Mbonea shambani kwangu na kopo la maziwa ya unga, anamwagilia shina moja moja, peke yake, bila kusema. Nilimwacha amwagilie.

Ukuta ulikuwa wa fito na udongo. Tulisikia kila kitu.

Namsifu alisema, "Shikamoo baba."

"Marahaba. Sanduku lao liko tayari."

"Baba, nimesikia waliyofanya. Nimekuja kuwaombea msamaha. Lakini pia nilikuwa na neno ambalo nilitaka nikuambie mwisho wa mwezi, mkishazoeana."

"Sema."

"Baba yao mkubwa kule Songea anawataka. Anasema mjane anayefua mashuka hawezi kulea watoto wa kiume wa ukoo wao. Walikaa kikao, wakaniambia, kama watoto wangekuwa chini ya mwanamume wa kuwatunza, wangeniachia. Ndiyo maana niliwaleta. Nilitaka uwapende kwanza, halafu nikuombe wabaki wasome hapa. Baba, nakuomba sasa. Ukisema wako kwako, hawatanigusa."

Bibi Nakijwa alikuwa ameshika mwiko, uji unamwagika motoni, hauondoi.

"Nimeshasema mbele ya kijiji kizima," Mwalimu akajibu. "Watu thelathini wamenisikia. Nikiwabakiza, kesho nitamwambia nani kuhusu zamu ya maji?"

"Ni maneno tu, baba."

"Kwako ni maneno."

Bibi Nakijwa akaniacha jikoni, akaingia. Hakuwahi kumpinga mumewe mbele ya mtu, lakini siku hiyo alipiga magoti sakafuni. "Baba Namsifu, mimi sijakuomba kitu katika ndoa hii. Nipe hawa watoto."

Ningeweza kuingia nami. Mimi ndiye niliyepiga yowe, mimi ndiye niliyesema maneno ya sheria. Ningesema, Mwalimu, shamba ni langu nami nimesamehe, waache watoto. Labda angepata njia ya kurudi nyuma bila aibu. Nilisimama pale jikoni nikitazama uji ukiungua, nikajiambia mambo ya familia si yangu. Hilo ndilo fungu langu nililowaambia.

Mwalimu akasema, "Basi linapita saa sita."

Wakaondoka. Elisante alibeba sanduku kichwani. Mbonea alimuaga babu yake kwa heshima, akamuaga bibi, akashuka mteremko anatembea. Wote wawili walitembea. Bibi Nakijwa alisimama kwenye kahawa mpaka vumbi la basi likatulia, na hata baada ya hapo.

Siku ya nne mvua ikanyesha. Ilinyesha wiki nzima, ndiva ikafurika, kizibo hakikuhitajika na mtu. Maharage yangu nilivuna magunia matatu. Mbuzi wawili wa Mwalimu tulikuwa tumeshawala.

Watoto walichukuliwa kwenda Songea kabla ya Pasaka. Namsifu aliwafuata mara mbili, akazuiwa mlangoni, akarudi Tanga akaishi peke yake. Kwa wazazi wake hakuja tena kuwasalimia. Barua za baba yake hakuzijibu, na mzee aliandika nyingi, maana kondakta yule alichoka kuzibeba.

Nyumba ikapata utulivu aliouomba Mwalimu. Chai saa moja, gazeti saa nne. Bibi Nakijwa alimpikia, akamtengea, akaenda kukaa jikoni. Hakumtukana, hakununa. Aliacha tu kuongea naye isipokuwa palipo na haja: maji yamekwisha, mgeni amekuja, kuku anaumwa. Wakaishi hivyo miaka kumi na saba. Nilipokwenda kwao nilisikia saa ya ukutani kabla sijabisha hodi.

Bibi Nakijwa alipofariki, Namsifu alikuja kumzika mama yake, na nyuma yake wakatembea vijana wawili warefu. Sikuwatambua. Mmoja alikuwa fundi umeme, mwingine mwanajeshi. Waliamkia watu kwa zamu, wakachimba kaburi na wenzao, wakabeba jeneza upande wa mbele. Baada ya maziko wakaenda kukaa barazani, wima, mikono magotini.

Mwalimu alitoka na bakora yake. Alikuwa karibu haoni. Akakaa kati yao.

"Elisante."

"Naam, babu."

"Mbonea."

"Naam, babu."

"Mmekua."

"Ndiyo, babu."

Akangoja. Sisi wanawake tuliokuwa tukiosha vyombo tukaacha kuviosha. Mwalimu akasema, "Zungumzeni, wajukuu zangu. Niambieni habari zenu. Niambieni chochote."

Wakatazamana. Mbonea, yule aliyekuwa akiuliza habari za meno ya jogoo, akajibu kwa adabu kamili, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulisikia: "Hatuna la kusema, babu. Sisi ni wazima. Pole kwa msiba."

"Kaeni basi wiki moja. Nyumba ni kubwa."

"Tumepewa ruhusa ya siku mbili tu kazini," Elisante akasema. "Na safari ni ndefu."

Wakaondoka na basi la mchana, wao na mama yao. Mwalimu alikaa kwenye benchi lile hadi jua lilipozama, mkono wake mmoja umewekwa pale alipokuwa amekaa Mbonea, na mabega yake yakitikisika. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia.

Mwaka uliofuata, watoto wangu, akiwemo mama yake Nietiwe, walikuwa wakifukuzana kwenye uwanja wake. Nikatoka mbio na fimbo kuwanyamazisha, kwa sababu sote tulijua Mwalimu hapendi kelele. Akaniita kutoka ndani, akaja akipapasa ukuta.

"Namkunda, weka fimbo chini," akasema. "Alaaniye kelele hulizwa na kimya. Mimi nimeshalizwa. Waache wacheze hapa. Waambie wacheze."

Nikawaambia. Lakini watoto walipomwona yule mzee amesimama mlangoni na bakora, waliogopa, wakakimbilia kwangu, wakajificha nyuma ya kanga yangu. Niliwasukuma warudi, hawakurudi. Mwalimu akainamisha kichwa upande mmoja, akitegea sikio. Uwanja ulikuwa umenyamaza kabisa.

Alikufa kabla ya mavuno. Maneno yake tukabaki nayo, tukawa tunaambiana kila mama anapowapigia watoto kelele wanyamaze, mpaka yakawa methali ya kijiji chetu, na wengi wanaoitumia hawamjui aliyeisema.

Nietiwe, nenda ukawaite wale watoto warudi uani. Mwambie kila mmoja. Alaaniye kelele hulizwa na kimya.