Programu Iliyojikagua

Mwanamvua aliunda programu ndogo ya kunusa programu zilizochezewa, akaigawa bure kwa sharti moja tu: jina lake lisifutwe. Shekalaghe, tajiri wa kompyuta aliyejaa majivuno, akalifuta, akabandika lake, kisha akaita wanunuzi.

"Wewe nani atakujua?" Shekalaghe alimcheka Mwanamvua alipokwenda kulalamika.

"Hakuna, bosi. Ila usithubutu kuiambia ijikague yenyewe mbele za watu. Kazi hiyo hutaiweza."

"Mimi nisiweze?"

Wanunuzi walipoketi, hata hawajauliza kitu, Shekalaghe akaiamuru ijikague. Maandishi makubwa yakatokea ukutani: "Programu hii imechezewa. Jina la Mwanamvua limefutwa, limewekwa la Shekalaghe."

Mwanamvua akakohoa kutoka kiti cha nyuma.

"Si nilikwambia hutaiweza, bosi?"