Sinia la Posa kwa Mzee Nyati

Nije na hadithi, nisije?

— Njoo!

Nije na uchovu wangu huu?

— Njoo nao!

Haya, sikilizeni. Na wewe hapo nyuma, acha kutafuna.

Palikuwa na Mzee Nyati, mapembe makubwa, tumbo kubwa zaidi. Mtoni kule juu, penye maji safi, walikunywa nyati peke yao. Wenye mistari na madoa walikunywa chini, tope tupu. Ukimuuliza kwa nini, anajibu, "Ndivyo ilivyo." Na kila kilichoingia uani kwake alikila. Hakuuliza kimetoka wapi.

Basi mjukuu wake, Mashavu, akapendana na Pundamilia. Pundamilia akamtuma Digidigi awe mshenga. Kamnyama kadogo, magoti yanamuuma, lakini akaenda. Tiki, tiki, tiki.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mshenga wa Pundamilia."

"Wenye mistari hatuwaozeshi. Rudi!"

Akarudi. Kesho yake tena, tiki, tiki, tiki.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mshenga wa Pundamilia."

"Mistari yake ikiosheka, uje. Rudi!"

Mashavu akalia, "Babu, mistari imekukosea nini?"

Mama yake akanong'ona, "Mimi sina neno, mwanangu. Lakini watu watasemaje?"

"Nisipoolewa naye, siolewi," akasema Mashavu. Hakuwa anatania, alishaacha hata kula.

Digidigi alichoka, jamani. Alichoka mpaka akapata akili. Kwa nyati kulikuwa na mila: mzee akila sinia la posa mbele ya shahidi, posa imepita, hakuna kurudi nyuma. Siku ya tatu akaja na sinia limejaa miwa na maboga, juu kalifunika kitambaa chekundu cha posa, kama desturi. Tiki, tiki, tiki.

"Hodi!"

"Wewe tena! Leo unasemaje?"

"Sina la kusema, Mzee. Nimechoka." Akatua sinia, akakaa.

Mama Mashavu alikiona kitambaa, akajua. Digidigi akamtazama. Mama akamletea baba yake maji ya kunawa.

Mzee akakitupa kitambaa pembeni. Chwa! Chwa! Chwa! Akacheua, bweee! Sinia likabaki jeupe.

"Vitamu. Vya nani hivi?"

Loo, leo ndiyo anauliza!

"Vya posa, Mzee. Vya Pundamilia. Na shahidi ni huyu hapa, mwanao."

Mzee akanguruma, akapiga kwato, vumbi timtim. Lakini mila ni zake mwenyewe, angezikana vipi?

"Haya, waoane! Ila siku ya harusi wakwe wakae nyuma, na maji wakanywe kule kule chini!"

Mashavu akamkumbatia mshenga. "Babu kakubali!"

Digidigi akanyanyuka, magoti ka! ka! "Hajakubali, mwanangu. Ameshiba."

Hadithi yangu basi. Utamu wake gawaneni, uchungu wake niachieni mimi, nimeuzoea. Na funzo lake, watoto: wazee wetu wana hekima, msibishane nao. Wapikieni tu.