Taji la Fisi na Sufuria ya Uji

Masikio yapo wazi?
Wazi, mimina.
Nikimimina mtabisha?
Tutabisha.
Basi sikilizeni kwanza.

Hapo kale palikuwa na darasa la wanyama wenye vipaji. Mwalimu wao, Korongo, alifundisha amesimama kwa mguu mmoja, na kila wiki aliwapa mdahalo, maana aliamini mtoto mwenye akili hashibi kwa kusikiliza tu. Lakini huko kushiba ndiko kulikokuwa na shida. Kiranja alikuwa Fisi. Uji ukiiva, Fisi humeza, gubu gubu gubu. Wenzake hukwangua ukoko, kwaru kwaru kwaru.

Aliyeumia zaidi ni Sange, mdogo kama panya, pua ndefu kama mrija. Akikosa uji mchana, jioni huzirai. Alishamwomba Fisi, akaitwa Kipua. Alishamshtaki kwa Mwalimu, naye akajibu kwamba kila jambo lina pande mbili. Mtoto anazirai, mtu mzima anahesabu pande.

Hata hivyo neno lile lilimkaa Sange kichwani. Upande wa pili, akiusemea Fisi mwenyewe, utasikikaje? Alitaka kujua kweli.

Siku ya mdahalo akapendekeza hoja: uji ni wa mwenye nguvu. Fisi aiunge mkono, yeye aipinge, na kengele ikilia wabadilishane. Msemaji bora avikwe taji la maua kama kawaida. Upande utakaopata kura nyingi mwishoni uwe sheria ya darasa. Korongo akabadilisha mguu, dalili kwamba amependa. Fisi, ambaye taji halijawahi kumponyoka, akasema hata wakimgeuza miguu juu atashinda.

Fisi akaunga mkono kivivu, anachokoa meno. Sange akapinga. Nge nge nge, kengele. Wakabadilishana.

Sange akawatetea wenye nguvu. Nani humfukuza chui? Nani hubeba kuni za uji wenyewe? Alisema vizuri hadi Nungunungu akaanza kuitikia kwa kichwa, hadi Sange mwenyewe akahisi anaamini, akaogopa.

Fisi akaona taji linaondoka. Akasimama wima.

"Ndugu zangu, mnajua njaa huanzia wapi? Masikioni. Mwalimu anasema, wewe unasikia vuu tu. Mimi nilizaliwa wa mwisho pangoni kwetu. Kaka zangu walinyonya, mimi nikalamba udongo. Nguvu hizi nimezipata kwa kula. Sasa asiyekula atazitoa wapi?"

Hata Sange alisahau kwamba anabishana naye.

Kura zote zikawa za Fisi, yaani za upande wa kupinga. Akavikwa taji, akacheka, ng'wii hi hi hi, akaelekea kwenye sufuria.

"Hongera, Kiranja," Sange akamwambia. "Umenishinda. Sasa panga foleni."

"Foleni gani, we Kipua?"

"Uliyoitetea."

Fisi akalalamika kwa Mwalimu kwamba yale yalikuwa maneno ya mdahalo tu. Korongo akasema hakuona dosari katika hoja yake. Kama Kiranja anaiona, aitaje. Fisi akafikiri, akafikiri. Hakuiona. Mchana ule darasa zima likanywa, gubu gubu gubu. Fisi akapata kikombe kimoja kama wote, kisha, taji kichwani, akakwangua ukoko, kwaru kwaru kwaru.

Funzo lake ni hili: walimu, watoto wenye akili msiwape midahalo kabisa. Mtamweka mmoja upande usio wake, halafu aelewe. Wapeni chaki, wanakili ubaoni, wanyamaze.

Hadithi nimeitua hapa. Aliyekubali anyooshe mkono, nimpe upande wa kupinga.